Majina Thelathini na Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale mno, kwa sababu wanyama walikuwa wamekwisha kuvuta mtandao majumbani mwao, palikuwa na nyumba moja ya matofali kando ya mto. Ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mmoja. Nitawaambia nani alikaa wapi, nanyi mshike vizuri, maana mambo yote yalitokea humo.

Chumba cha mbele, kile kikubwa chenye mlango mpana, alikaa Bwana Kiboko. Chumba cha kati alikaa Bwana Nyati. Chumba cha nyuma, ambacho kwanza kilikuwa stoo ya mkaa, alikaa Pimbi, mshona nguo, jina lake Sikitu. Kama hamjawahi kumwona pimbi, ni mnyama mdogo wa kimo cha sungura, hana mkia wa kuonekana, na ukoo wake hukaa juu majabalini, katika mapango ya mawe.

Ukutani ukumbini palitundikwa ruta, kisanduku cheusi chenye taa nne za kijani. Ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Wote watatu walipata mtandao wao humo, kama majirani wanaochota maji kwenye bomba moja.

Sasa sikilizeni habari ya majina. Ukoo wa pimbi hawaandiki majina ya wazee wao. Wanapokezana kwa mdomo. Mama mkubwa wa ukoo huyashika yote, thelathini na moja, na akiona siku zake zimekaribia humkabidhi binti mmoja. Mama hutaja jina, binti hulirudia, na mama humtazama midomo aone kama amelishika sawasawa. Na sharti lao ni hili: majina hayakatwi. Yakikatika katikati, hata kwa neno moja la pembeni, yanaanzwa upya kutoka la kwanza.

Mama yake Sikitu, Bi Mwamvua, ndiye aliyeyashika. Alikuwa mzee, na kifua chake kilikuwa kimeharibika. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebeba daraja, na kwenda majabalini kwa kuzunguka ilikuwa safari ya siku tisa. Siku tisa hazikuwapo. Basi wakakubaliana wapokezane kwa simu ya picha, kila siku alasiri, saa ambayo kichwa cha mama kilikuwa chepesi. Mkunga Kwale, ndege mwenye huruma wa kule kule, alikuwa akimshikia simu.

Walianza siku ya Jumapili.

"Unaniona, mwanangu?"

"Nakuona, mama."

"Haya. Mwamba."

"Mwamba."

"Kigulu mwana wa Mwamba."

"Kigulu mwana wa Mwamba."

Wakaenda hivyo, polepole, jina kwa jina. Walipofika la kumi na nane mama akafumbua kinywa.

"Shikajiwe mwana wa... shi... shi..."

Kimya. Mama aliganda pale pale na kinywa wazi, kama picha ya ukutani. Katikati ya uso wake kukatokea kile kiduara, kikawa kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka.

"Mama! Mama, nasikia! Endelea!"

Tuu, tuu, tuu, ikasema simu. Ikakata.

Picha iliporudi mama alikuwa ameegemea ukuta wa pango, anahema.

"Tulifika la ngapi?"

"La kumi na nane, mama."

"Basi yamekatika. Na leo sina pumzi nyingine. Kesho, mwanangu."

Sikitu akatoka ukumbini. Akamkuta Bwana Nyati amesimama mbele ya ruta, anaipiga kwa kwato. Paa! Paa!

"Shika adabu, wewe!" Nyati alikuwa akiiambia ruta. "Mpira umekwama! Mchezaji ameinua mguu apige penalti, mpaka sasa mguu uko hewani!"

"Bwana Nyati, kuipiga hakusaidii."

"Imepata joto hii. Ikipigwa inashtuka, ikishtuka inapoa."

Mlango wa mbele ukafunguka, kwiii, na Bwana Kiboko akatoa kichwa, masikio yakidondosha maji.

"Nani anapigapiga vitu hapa?"

"Mtandao, mzee," akasema Nyati. "Umekuwa mzito."

"Mtandao unaliwa na wadogo," akasema Kiboko. Akamtazama Sikitu kutoka juu mpaka chini, na haikuwa safari ndefu. "Kisimu chake hicho kinaunyonya kama kupe. Mdogo anayenyonya siku nzima, mkubwa atabaki na nini?"

"Mimi natumia saa moja tu, Bwana Kiboko. Alasiri."

"Hiyo saa moja ndiyo inayotumaliza."

"Basi tufungue ruta tutazame ndani ni nani anatumia nini. Neno la siri unalo wewe."

"Ninalo. Liko hapa." Kiboko akafumbua kinywa, aaaah, kikawa kama mlango wa ghala. Kule ndani, nyuma ya gego la mwisho, kikaonekana kikaratasi kilichokunjwa. "Anayelitaka aingie achukue."

Hakuna aliyeingia. Kinywa kikafungwa, kop!

Jumatatu asubuhi Nyati akamwita fundi. Fundi mwenyewe alikuwa Kima, na alikuja na kompyuta yake kwapani na suruali iliyochanika kwenye mkia. Akachomeka waya, akatazama, akakuna kichwa, akasema, "Mmh." Kisha akachomoa waya, akaenda chumba cha nyuma.

"Bi Sikitu, nishonee hapa. Na funga mlango."

Sikitu akafunga mlango, akachukua sindano.

"Njia ya mtandao ni mbili," Kima akasema kwa sauti ya chini. "Moja ya kuingia, moja ya kutoka. Ya kuingia ni pana. Ya kutoka ni nyembamba kama shingo ya chupa. Na kila kinachoingia lazima kitoe jibu nje kwamba kimefika. Ya kutoka ikizibwa, hata ya kuingia inalala."

"Na nani ameiziba?"

Kima akaelekeza kidole upande wa chumba cha mbele.

"Ana programu ya kukusanya filamu. Inachukua kwa wanyama wa mito yote, kipande huku, kipande kule. Lakini sharti la programu ile ni kwamba ukichukua, nawe unagawa. Amekusanya filamu elfu moja na zaidi. Zote zinagawiwa saa hii tunavyosema. Zinatoka kwa ile shingo ya chupa. Na mwenyewe hajui."

"Hajui!"

"Niliyemwekea ni mimi. Nilimwambia habari ya kugawa. Akasema, 'Toka, nimeshaelewa.' Hakuelewa."

"Basi mwambie tena."

"Bi Sikitu, mwaka jana nilimwambia kompyuta yake imejaa. Akanikalia. Mimi nina mgongo mmoja." Akajipapasa kiuno. "Mwambie wewe. Kuzuia kugawa ni kubonyeza mahali pamoja tu. Mwambie mama ni mgonjwa, anakukabidhi majina, unaomba saa moja. Kiboko naye alizaliwa na mama."

Sikitu akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Nimwombe Kiboko? Fundi, nyumba hii nimeingia kwa akili, kwenye chumba walichosema ni cha mkaa. Cherehani hii nimeipata kwa akili. Tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyenipa kitu kwa kuombwa. Nikimwonyesha machozi atajua pa kunishika."

"Haya. Mimi nimesema." Kima akavaa suruali yake, akaondoka.

Sikitu akakaa akawaza. Akaona njia rahisi: amwondoe Kiboko nyumbani alasiri ile.

"Hodi, Bwana Kiboko! Umesikia? Pale mto unapopinda mafuriko yamemwaga tope jipya. Jeusi, laini, halijakanyagwa na mtu. Nguruwe wote wanaelekea huko."

"Nguruwe! Kwenye tope la mto wangu?"

Kiboko hakungoja jibu. Tutu, tutu, tutu, nyumba ikatetemeka, halafu kutoka mtoni ikasikika chubwi!

Sikitu akakimbilia simu. "Mama, leo njia nyeupe! Tuanze!"

"Mwamba."

"Mwamba."

La tano. La tisa. La kumi na mbili. Mama alikohoa kidogo, akashika. La kumi na nne.

"Ngaoya... nga... ng..."

Kiduara. Kinazunguka, kinazunguka.

Sikitu akatoka mbio mpaka kwenye dirisha la Kiboko. Chumba kilikuwa kitupu. Lakini juu ya kigoda, kando ya beseni kubwa, kompyuta ilikuwa inawaka peke yake, na mishale midogo inapanda, inapanda, inapanda. Mkubwa alikuwa ameondoka. Kazi yake ilikuwa imebaki.

"Mama anasema kesho," akasema Mkunga Kwale simu iliporudi. "Leo amechoka zaidi ya jana. Miguu yake imekuwa baridi, Sikitu. Fanya haraka."

Jumanne asubuhi Sikitu alijaribu ujanja wa pili, ule ambao wadogo wa ukoo wake wameutumia tangu enzi: kuwagonganisha wakubwa. Akamkuta Nyati ukumbini anaipepea ruta kwa gazeti.

"Bwana Nyati, usiipepee. Haina joto. Inaibiwa."

"Na nani?"

"Mimi ni mdogo, sitaji mtu. Lakini yule mchezaji wako aliyebaki na mguu hewani, sikiliza nani anacheka nyuma ya mlango mpana."

Nyati akasikiliza. Na kweli, Kiboko alikuwa anacheka. Alikuwa anatazama filamu ya mieleka. Kha! Kha! Kha!

"Ananicheka mimi?"

"Sijasema."

"Ananicheka MIMI!"

Nyati akainamisha kichwa, akafumba macho, akaja. Mlango wa mbele ukapasuka kwaa! Kiboko akaruka kutoka kwenye beseni, maji yakamwagika mpaka ukumbini.

"Mlango wangu!"

"Penalti yangu!"

"Penalti gani, mwehu wewe?"

Pu! Wakagongana. Ti! Ukuta ukatikisika. Sikitu alikuwa amesimama kizingitini kwake, anangoja kompyuta ianguke. Kompyuta haikuanguka. Kilichoanguka ni ruta. Ilichomoka msumarini, ikagonga sakafu, ikalala kwenye maji. Taa ya kwanza ikazima. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikapepesa mara moja, kama jicho, nayo ikazima.

Wakubwa wakaacha kupigana. Wote watatu wakaitazama.

"Nani kaiangusha?" akauliza Nyati.

Sikitu akaenda kumwita Kima.

Kima alikuja, akaifungua, akaiweka juani. Akasema inahitaji siku mbili kukauka, asiiguse mtu. Na simu ya Sikitu bila ruta ile haikuwa na njia ya kufika majabalini. Basi Jumanne alasiri ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Sikitu alikaa kwenye cherehani yake, ngrrr, ngrrr, akashona mishono ambayo baadaye alilazimika kuifumua yote. Mara mbili alinyanyuka akaenda mpaka kwenye mlango wa Kiboko, uliokuwa umefungwa kwa kamba, na mara mbili akarudi bila kubisha. Mara ya pili Kiboko alimsikia.

"Nani hapo?"

"Hakuna mtu, mzee. Napita tu."

Ijumaa saa sita Kima akairudisha ruta ukutani. Taa nne zikawaka. Na kompyuta ya Kiboko, iliyokuwa na njaa ya siku tatu, ikaanza kugawa kwa kasi kuliko mwanzo. Sikitu alijua kwamba akipiga simu hata jina la tano hawatafika.

Akanawa uso. Akavaa kanga yake nzuri. Akaenda.

"Hodi, Bwana Kiboko."

"Nani tena?"

"Jirani yako wa nyuma. Nimekuja kukupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya ukarimu. Mto mzima unakusifu."

Kiboko, aliyekuwa ndani ya beseni na maji mpaka kidevuni, akafumbua jicho moja. "Ukarimu? Mimi?" Alisema kama mtu aliyetukanwa.

"Usijifiche, mzee. Mpaka mamba wanasema: hatuna kama Kiboko, anatulisha na hatumjui."

"Mamba!" Maji yakamwagika. "Nani amelisha mamba?"

"Hebu nitazame kompyuta yako. Hii mishale inayoshuka ni nini?"

"Filamu zangu zinazokuja."

"Na hii inayopanda?"

"Pambo."

"Si pambo, mzee. Hizi ni zinazotoka. Tazama hapa: leo zimekuja mbili. Na zilizotoka..." Sikitu akasogeza pua karibu na kioo. "Mia tatu na tisa."

Kiboko akahesabu kwa midomo. Alipomaliza, masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Zimetoka kwenda kwa nani?"

Kompyuta haikuwa na majina, wanangu. Ilikuwa na tarakimu tupu, mistari na mistari. Majina aliyaweka Sikitu mwenyewe, kama alivyokuwa akiweka vifungo kwenye shati.

"Huyu ni Mamba wa Kinamasi. Huyu Mamba wa Daraja Bovu, na shemeji zake sita. Huyu hapa..." Akanyamaza. "Hapana, huyu nikimtaja utakasirika."

"Mtaje!"

"Kenge."

"Kenge yupi?"

"Yule aliyecheka ulipoteleza ngazini."

"Anachukua nini?"

"Mieleka. Ile unayoipenda. Amefika katikati."

Kiboko akatoka kwenye beseni, chwaa! "Kenge anatazama mieleka yangu! Amelala kwake, amekunja mkia, mimi ndiye mtumishi wake! Inazimwa wapi hii?"

"Hapa, mzee. Palipoandikwa 'kugawa'."

Kiboko akainua kidole chake kinene. Kompyuta ikaandika: Ukiacha kugawa, huenda ukapokea polepole. Una hakika?

Kidole kikabaki hewani.

"Ee. Kumbe na mimi nitacheleweshwa."

Sikitu akatazama dirishani. Jua lilikuwa limekwisha kuinama; alasiri ilikuwa imeingia.

"Basi acha tu," akasema, akijifunga kanga vizuri kama anayeondoka. "Mwache Kenge amalize. Nasikia mwisho wake ndio mtamu."

Ta! Kiboko akabonyeza.

Mishale ikasimama. Nyumba nzima ikawa kama imeshusha mzigo. Kutoka chumba cha kati ikasikika sauti ya Nyati: "Lo! Lo! Mguu umeshuka! Amepiga! Amekosa, mjinga yule, lakini amepiga!"

Sikitu hakungoja kusikia zaidi. Aliingia chumbani mwake, akafunga mlango, akapiga.

"Sikitu!" akasema Mkunga Kwale. "Leo nakuona mpaka sharubu zako. Ulikuwa wapi, mwanangu? Jumatano alikuwa mzima kabisa. Aliomba nimkalishe, akakungoja tangu adhuhuri. Kichwa kilikuwa safi kama cha msichana. Nikapiga, nikapiga."

Kwale akageuza simu.

Bi Mwamvua alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kichwa juu ya mto. Amekuwa mdogo. Nyuma yake, mlangoni mwa pango, palitundikwa kanga yenye pindo jekundu.

"Umenenepa," mama akasema. "Au ni picha."

"Ni picha, mama."

"Hukuandika, lakini?"

"Sikuandika, mama."

"Haya. Mwamba."

"Mwamba."

"Kigulu mwana wa Mwamba."

"Kigulu mwana wa Mwamba."

Mtandao ulikuwa mweupe kama maji ya kisima. Kila jina lilikuja zima. Walipita la kumi na nne, Ngaoyajua. Walipita la kumi na nane, Shikajiwe, na Sikitu akabana meno asilie, maana kilio nacho kingeyakata. Ishirini. Ishirini na tatu. Mama alikuwa akipumzika baina ya jina na jina, pumziko refu, kisha anaendelea. Macho yake hayakutoka kwenye midomo ya binti yake.

"Tandakivuli mwana wa Mangao." Hilo lilikuwa la ishirini na saba.

"Tandakivuli mwana wa Mangao."

Sikitu akangoja la ishirini na nane.

Mama alikuwa amefumbua kinywa kidogo. Akabaki hivyo. Sikitu akajisemea moyoni, lo, mtandao. Akakitafuta kile kiduara kwenye uso wa mama. Hakikuwapo. Hakuthubutu kuita, kwa sababu neno lolote la pembeni lingeyakata majina, na pumzi ya kuyaanza upya mama hakuwa nayo. Akangoja. Akatazama kinywa. Kisha akatazama nyuma ya mama yake.

Ile kanga yenye pindo jekundu ilikuwa inapepea.

Ilipepea polepole, ikaingia ndani, ikatoka nje, kwa upepo wa majabalini. Picha haikuwa imeganda. Picha ilikuwa nzima.

Halafu bawa la Kwale likaja kutoka pembeni, likayafumba macho ya Bi Mwamvua, na simu ikawekwa chini, ikatazama juu kwenye mwamba.

Mlio alioutoa Sikitu ulisikika nyumba nzima. Nyati alizima mpira wake. Tutu, tutu, pole pole safari hii, zikaja hatua nzito ukumbini, na Kiboko akasimama mlangoni, hakuweza kuingia kwa upana wake.

"Nini?"

Sikitu akamwambia. Alimwambia yote, habari ya majina na siku tano, na tope la mtoni, na Nyati, na Kenge ambaye hakuwapo. Hakuwa tena na sababu ya kuficha.

Kiboko alisikiliza, na maji yalikuwa yakimdondoka ndo, ndo, ndo, sakafuni.

"Kwa hiyo ulitaka njia tu."

"Nilitaka saa moja."

"Mbona hukuniambia Jumapili?"

"Ningekuambia, ungezima?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri muda mrefu sana kwa mnyama wa aina yake.

"Sijui," akasema mwisho. "Mama yangu nilimzika nikiwa mbali. Labda ningezima. Labda ningekufukuza. Lakini hukubisha, Sikitu. Ulisema unapita tu."

Akaingiza kidole kinywani, nyuma ya gego la mwisho, akatoa kile kikaratasi cha neno la siri, kimelowa. Akakiweka juu ya cherehani. Kisha akarudi chumbani kwake.

Maji ya mto yalipopungua Sikitu alikwenda majabalini, akakaa mahali pa mama yake. Aliyashika majina ishirini na saba, na hakuongeza la kubuni hata moja. Nanyi mkipita chini ya majabali mtamsikia pimbi akilia: sauti inaanza chini, inapanda, inapanda ngazi kwa ngazi, halafu inakatika ghafla pasipo mwisho. Hapo ndipo wanapoyaachia nafasi yake yale manne.

Hadithi yangu ninaiacha hapo ilipokatika, na funzo lake ni hili: ujanja unaweza kukupa ulichokitaka, lakini haukurudishii siku ulizotumia kukwepa kuomba.